MAONI: Anayeficha jina lake na anayevaa jina la mwenzake si mtu mmoja

Mwezi uliopita dada yangu mkubwa, anayeishi Kampala, alinipigia simu saa tatu ya usiku. Hakusalimia. Aliuliza tu: "Mutoto iko namna gani?" Mtoto gani? "Si ule uliniandikia juu yake, wa hospitali." Mimi sikuwa nimemwandikia kitu, wala sikuwa na mtoto hospitalini. Lakini jioni hiyo, kwenye Facebook, alikuwepo mtu mwenye jina langu lote, picha yangu ya harusi ya rafiki, na hata picha ya mlango wa nyumba yetu. Mtu huyo alimweleza dada kwamba mtoto amezidiwa, waganga wanadai dola 150 kabla ya kumgusa, na simu yangu imeharibika, kwa hiyo atume pesa kwa namba ya muuguzi.

Dada alikuwa tayari ameshika simu nyingine ili atume. Kilichomzuia ni salamu. Barua ilianza kwa "Bonsoir ma chère sœur", na mimi tangu nizaliwe sijawahi kumuita dada yangu hivyo. Namuita Yaya. Mwizi alichukua jina, picha na mlango wa nyumba, akasahau namna mdogo anavyomuita mkubwa wake.

Kesho yake nilisimulia jambo hili katika kundi la WhatsApp la kata yetu hapa Bunia. Watu walinipa pole, na kumbe wengi walikwisha kupitia njia hiyo hiyo. Mmoja alimtumia pesa "shemeji" ambaye hakuwa shemeji. Mwingine aliona akaunti ya baba yake, aliyefariki, ikiomba urafiki upya. Kisha mzee mmoja mwenye kuheshimiwa aliandika kile ambacho nimekisikia mara nyingi katika mji huu, hasa kila wakati maneno ya chuki yanapozagaa baada ya shambulio: serikali ilazimishe kila mtu kutumia jina la kwenye kadi ya kuchagua, na mwenye jina la bandia akamatwe. Alama za kidole gumba zilimiminika. Na mimi, nikiwa bado na hasira, niliweka ya kwangu.

Nimeifuta. Naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini, maana jambo hili katika Ituri si mchezo wa vijana na simu zao.

Tuanze na ukweli ambao kila mkaaji wa Bunia anaujua bila kuambiwa: hapa jina linasema. Ukiniambia unaitwa Kambale, nimekwisha kujua kwamba wewe ni Munande na kwamba kwa mama yako wewe ni mtoto wa kiume wa pili. Kasereka ni wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, na dada yenu mkubwa huenda anaitwa Masika. Jina likianza na U, watu wanatazama upande wa Mahagi na kusema huyu ni Mualur. Kwa Wahema wa kusini kuna majina ya heshima kama Atenyi, Amoti au Akiki, yale yale ambayo Wanyoro na Watoro wanaitana ng'ambo ya Ziwa Albert, na ambayo upande wa Uganda yaliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ni kitu kizuri. Mtu anakusalimia kwa jina hilo na moyo unatulia.

Lakini wale waliokuwa hapa mwezi wa Mei 2003 wanajua upande mwingine. Majeshi ya Uganda yalipotoka Bunia, wapiganaji waligombania mji kata kwa kata, na watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao mpaka majeshi ya Ulaya ya operesheni Artemis yalipoingia mwezi wa Juni. Wakati ule swali la kwanza mbele ya kizuizi halikuwa "unakwenda wapi?" Lilikuwa "unaitwa nani?" Kuna watu waliotupa vitambulisho vyao chooni. Kuna waliojibu kwa jina la jirani. Je, hao walikuwa waongo?

Tena kusoma kabila katika jina ni elimu ya kubahatisha. Wahema wengi wa Djugu wanasema Kilendu tangu zamani, na majina yao yanafanana na ya Walendu. Kuna watoto waliopewa jina la rafiki wa baba, la padri, la daktari aliyewazalisha. Kuna ndoa za mchanganyiko, nyingi kuliko tunavyopenda kukubali. Hata hivyo, kila picha ya maiti inapotoka Djugu au Irumu na kupita katika simu zetu, utaona katika maoni mtu anamjibu mwenzake bila kugusa alichosema: "Kwa jina lako tu tumekujua." Nina hakika hata makala hii kuna watakaoisoma wakianza na jina la mwandishi, kutafuta nimesimama upande gani.

Basi msichana wa chuo, mwenye mawazo yake kuhusu CODECO, kuhusu Zaïre, kuhusu jeshi, kuhusu bei ya mafuta, anapojiandikisha kama "Ua la Shari", kwa jina la mto wetu, mimi simuoni mwongo. Namuona mtu anayetaka maneno yake yasomwe kabla ya ukoo wake. Na tusisahau tunaishi wapi. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya hali ya dharura, gavana akawa mwanajeshi, na mahakama za kijeshi zikapewa uwezo wa kuhukumu raia. Si kila anayeficha jina lake anamficha jirani. Wengine wanaogopa mkubwa mwenye silaha, awe wa porini au wa ofisini.

Halafu hilo "jina la kweli" lenyewe ni lipi? Wakongo ndio wa mwisho duniani wanaoweza kujibu swali hilo kwa haraka. Waliozaliwa kabla ya 1972 walibatizwa Joseph na Marie, halafu asubuhi moja serikali ya Mobutu ikawaambia majina hayo ni ya wageni, yaachwe, kila mtu atafute jina la babu zake. Rais mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, jina refu kuliko mistari mingi ya fomu. Mapadri waliobatiza kwa majina ya watakatifu walitishwa, na Kardinali Malula, aliyepinga, ikambidi akae Roma kwa muda. Kisha upepo wa demokrasia ulipovuma mwaka 1990, akina Joseph na Marie walirudi, safari hii wakiwa nyuma ya jina na "postnom". Ndiyo maana mpaka leo sisi tuna visanduku vitatu: nom, postnom, prénom. Diploma ya baba ina majina mawili, kadi yake ya kuchagua ina matatu, kanisani anaitwa jina la nne, na kijijini hakuna anayemjua kwa hata moja kati ya hayo.

Facebook, unapojiandikisha, inakupa visanduku viwili. Mkongo anapofika pale mara nyingi anaacha kitu nje. Wengine wanaacha la ukoo, wengine wanaacha la ubatizo, wengine wanaunganisha mawili kama neno moja. Na kwa Wanande tabu ni nyingine kabisa: hebu tafuta "Kambale Jean" uone ni wangapi. Ukitaka usichanganywe na wenzako wote wa jina hilo, lazima uongeze kitu. Hapo ndipo zinapozaliwa "Officiel", "le Grand", "PDG", "Mwana wa Mama" na yale mengine tunayoyacheka. Tunasema vijana wanajivuna. Wengine wanajivuna kweli, sikatai, maana nimeona "Honorable" ambaye bado anaomba uniti kwa mama yake. Lakini wengi wanatafuta tu njia ya kuwa mtu mmoja katikati ya elfu.

Hata kampuni yenyewe imewahi kujikwaa hapo. Sheria ya Facebook inadai jina ambalo watu wanakuita katika maisha ya kila siku. Mwaka 2014 ilianza kufunga akaunti za wasanii wa San Francisco waliojulikana kwa majina ya jukwaani, baada ya watu wasiowapenda kuwashitaki mmoja mmoja. Wenyeji wa asili wa Marekani nao walifungiwa, kwa sababu kompyuta ilidhani majina ya mababu zao ni utani. Mwezi wa Oktoba kampuni iliomba radhi, na mwishoni mwa 2015 ililegeza kanuni. Fikiri sasa sheria kama hiyo ikiwa mikononi mwa watu wanaochukiana hapa kwetu. Kundi moja lingekaa usiku mzima likishitaki akaunti za kundi lingine: "huyu hana jina la kweli, mfungeni."

Kuna nchi iliyojaribu kile ambacho mzee wetu wa kata anakitaka. Korea Kusini, kuanzia 2007, ililazimisha tovuti kubwa kuhakikisha utambulisho wa kila anayeandika maoni, kwa sababu ya matusi na uvumi uliowaumiza watu. Nchi ile ina vitambulisho vya taifa vilivyopangwa vizuri, ina umeme saa 24, ina polisi wenye kompyuta. Mwaka 2011 wezi waliingia katika hifadhi za kampuni moja ya mitandao na kuchukua habari za watu wapatao milioni 35. Mwezi wa Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo, ikisema inabana uhuru wa kusema bila faida iliyothibitika. Sisi, ambao sensa yetu ya mwisho ya watu ni ya 1984, na ambao kadi ya kuchagua ndiyo kitambulisho cha wengi kwa kukosa kingine, tutafanya nini kuliko wao? Na mwenye kadi ambayo maandishi yamefutika, ataingia kwa jina gani?

Nikisema hivyo, wengine watadhani natetea kila mwenye kujificha. Hapana. Na mfano ninaoushika kutofautisha ni wetu wenyewe, umetoka hapa Bunia, ingawa ulisikilizwa La Haye.

Kesi ya Thomas Lubanga ilifunguliwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwezi wa Januari 2009. Ilikuwa kesi ya kwanza kabisa ya mahakama ile, kuhusu watoto wa Ituri waliotiwa katika jeshi la UPC. Wengi wa mashahidi hawakuitwa kwa majina. Waliitwa kwa namba. Uso ulifichwa, sauti ilibadilishwa, na tuliofuatilia kwenye redio tulisikia habari za "shahidi namba fulani". Shahidi wa kwanza, kijana aliyesema alikuwa askari mtoto, alianza kusimulia, kisha siku hiyo hiyo akayakana maneno yake, na alirudi kusema tena baada ya wiki mbili, walipobadilisha namna ya kumkinga. Hakuna jaji aliyesema kwamba mtu asiyetaja jina lake hadharani ni mwongo. Mahakama kubwa kuliko zote za jinai duniani ilikubali kwamba mtu wa Ituri anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuficha jina.

Lakini katika kesi hiyo hiyo, hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 ilikuwa na kurasa nyingine ambazo hapa nyumbani hatukuzisoma sana. Majaji walikataa kutegemea ushahidi wa wengi wa vijana walioletwa kama askari watoto wa zamani, baada ya kuona watu wa kati waliowatafuta huenda waliwafundisha la kusema. Na watu watatu waliokuwa wamekubaliwa kama wahanga walinyang'anywa haki hiyo, kwa sababu majaji waliona kuna uwezekano wa kweli kwamba wawili kati yao waliingia kwa majina ya vijana wengine, kwa kusukumwa na huyo wa tatu. Yaani palikuwa na vijana wenye majina yao halisi hapa Ituri, na wengine walisimama La Haye wakijibu kwa majina hayo.

Chumba kimoja cha mahakama, kesi moja. Aliyeficha jina lake alilindwa. Aliyevaa jina la mwenzake alitolewa nje. Kwa nini sisi kwenye simu zetu tunawaweka hao wawili katika mfuko mmoja?

Tofauti yao ni kubwa. "Ua la Shari" akiandika upuuzi, upuuzi huo ni wa Ua la Shari. Akiandika maneno mazuri miaka mitatu mfululizo, watu watamheshimu kwa jina hilo, kama tunavyowajua wanamuziki kwa majina ya jukwaani. Jina lake ni la kubuni lakini lina mwenyewe, na lina sifa ya kupoteza. Yule aliyemwandikia dada yangu hakubuni kitu. Alichukua imani ambayo mimi na Yaya tumeijenga tangu utoto akaenda kuiuza kwa dola 150. Ndugu akipigiwa simu kesho na mimi mwenyewe, nikiwa na shida ya kweli, atajiuliza kwanza kama ni mimi. Hicho ndicho nilichoibiwa, na hakirudi hata akaunti ikifungwa.

Sheria ya kutenganisha hao wawili ipo tayari. Kanuni ya numeriki, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kujifanya mtu mwingine kwenye mtandao. Inaadhibu pia maneno ya ubaguzi wa kabila. Na hata kabla ya simu kuwepo, tangu Juni 1966, nchi hii ina sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi na wa kabila. Angalia sheria hizo zinaangalia nini: ulichosema, ulichofanya, uliyemdhuru. Mwenye kuandika "wafukuzwe wote" ana kosa akiwa na jina la kadi, ana kosa akiwa na jina la ua. Na nikumbushe jambo linalosahaulika: maneno mabaya kuliko yote niliyoyaona katika makundi ya Bunia hayakutoka kwa majina ya bandia. Yaliandikwa na watu wenye majina yao, picha zao, na mmoja alikuwa na picha ya watoto wake nyuma. Hawakuogopa, kwa sababu waliokuwa katika kundi lile walikuwa wa upande wao.

Sharti nitaje pia kipengele cha 360 cha kanuni hiyo, ambacho kinampa kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita mwenye kuanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu. Kwa waandishi na kwa vijana wa mashirika ya raia hicho ni kisu chenye makali pande mbili, maana atakayesema hii ni ya uongo mara nyingi ni mkubwa aliyeguswa. Ukiongeza juu yake lazima ya jina la kweli, umemaliza kabisa kazi ya anayetaka kusema kwamba kizuizi fulani kinatoza pesa kinyume cha sheria.

Kuna jambo la WhatsApp ambalo watu wengi hawalioni. Pale jina lako ni namba yako. Ukiingia katika kundi, na kundi moja linaweza kuwa na watu 1.024, kila mmoja anaiona. Unaweza kujiita "Mtumishi" au kuweka picha ya simba, haisaidii. Mwenye nia anaichukua namba, anaiingiza katika huduma ya kutuma pesa, na nyingi za huduma hizo zinamwonyesha jina ulilojiandikisha nalo kabla hajathibitisha kutuma. Ndani ya nusu dakika amejua Kambale au Akiki. Halipi hata franga. Kwa hiyo mzee wetu anayedai majina ya kweli WhatsApp, ajue yapo tayari, na ndiyo hayo yanayotumika kutishia watu faraghani. Namba iliyokaa bila kutumika nayo hupewa mtu mwingine, na siku moja "mjomba" anayekusalimia ni kijana wa Aru aliyenunua kadi ya simu jana.

Sasa nije upande ambao unanipa shida, maana sikutaka kuandika kama wakili.

Jina la kuficha linakuficha kwa adui, lakini linakuficha pia kwa mama yako. Tangu mapigano yaliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, familia zimetawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Baba yuko Kigonze katika kambi, mtoto mmoja alivuka ziwa kwenda Uganda, mwingine anachimba dhahabu Mongbwalu, mwingine hajulikani. Hatuna daftari la kuwatafutia. Daftari letu ni Facebook, tupende tusipende. Na daftari ambalo kila mtu amejiandika "King" na "Bad Boy" halimsaidii mama yeyote.

Niliona hilo kwa macho yangu. Kuna mama anayeuza sombe na mafuta ya mawese karibu na barabara ninapopita kila siku. Alihama kijiji chake Djugu mwanzoni mwa 2022, majuma yale ya mauaji ya kambi ya Plaine Savo, ambapo watu wapatao 60 waliuawa usiku mmoja. Kijana wake wa kwanza alikuwa amekwenda migodini kabla ya hapo. Simu yake ya zamani haipatikani. Siku moja mama aliniona nikiandika kwenye simu akaniambia: "Papa, unitafutie mutoto yangu mule ndani."

Tuliandika nom, tukaandika postnom, tukageuza mbele nyuma. Tulipata watu wengi wenye jina hilo, mmoja yuko Ubelgiji, mmoja ni mzee wa mvi, mmoja hana picha. Mama alikuwa anaangalia kila uso akisema hapana, hapana, kwa sauti ile ile anayotumia kukataa bei. Mwishowe nilimuuliza, bila matumaini makubwa, nyumbani mlikuwa mnamuita nani. Alicheka kidogo. Bibi yake alimpa jina la utani alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa anakula ndizi kabla hazijaiva. Ni neno la lugha yao, sitaliandika hapa, mtaelewa kwa nini. Nililiandika pale juu. Akaunti ilikuwa moja tu. Picha ilikuwa ya pikipiki, haina mtu.

Mama alinyamaza. Akasema pikipiki haijui, lakini neno hilo hakuna mtu mwingine anayelijua.

Tulituma ujumbe kwa akaunti yangu: mama yako yuko Bunia, anakutafuta. Siku nne, hakuna jibu. Siku ya tisa likaja, na lilikuwa kali: "Nyie ni nani? Nani alikupa hili jina?" Nilimsomea mama. Hakukasirika hata kidogo, alionekana amefurahi kuona mtoto wake bado ana akili. Aliniambia tusitume picha, picha watu wanaiba. Alifuta mikono yake kwa kitenge, akakaa juu ya ndoo, akafikiri.

"Andika," akasema. "Umuulize mbwa yetu ya kwanza ilikufa namna gani."